Feni Isiyo na Mapanga

Inspekta alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake kituoni. Hakuwahi kutia saini kitu kabla hajakiuliza maswali mpaka kikaomba radhi. Nyuma ya mgongo wake walimwita Mama Kwanini, wakidhani hajui, na yeye akawaachia raha yao.

Asubuhi hiyo aliletewa jalada moja jembamba. Sajini alikuwa ameshamaliza kazi yote na sasa alitaka saini tu, ili mtuhumiwa aingie kwenye gari la mahakamani ambalo lingeondoka saa sita mchana. Inspekta alilichukua jalada, lakini badala ya kushika kalamu alishuka ngazi kwenda mahabusu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mzee aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. Bado alikuwa na sweta lake la ulinzi. "Kama umekuja kuuliza, nimeshamweleza yote yule kijana wako. Hakuyataka."

"Nieleze mimi. Mimi nayataka."

Mzee alikuwa mlinzi katika hospitali ya macho. Kiti chake kilikaa koridoni, mkabala na mlango wa stoo, na ndani ya stoo hiyo ndimo ilimopotea kamera ndogo ya kupigia picha kilindi cha jicho. Bila kamera hiyo madaktari walikuwa wamesimamisha upasuaji. Mlango haukuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili, moja ya mtunza stoo na nyingine ikining'inia kiunoni mwa Mzee. Mtunza stoo aliandika kwamba mchana kutwa alikuwa jengo la pili. Ikabaki hesabu nyepesi, na Sajini alizipenda sana hesabu nyepesi.

"Siku hiyo uliona nini, mzee?"

"Sikuona kitu. Mtunza stoo alinijia asubuhi, akaniambia wafanyakazi wanapimwa macho bure, nenda na wewe. Nikaenda. Wakanitia ile dawa ya kupanua mboni. Nikarudi kitini naona ukungu mtupu na mwanga unanichoma. Nikafumba macho, nikatulia."

"Ukalala."

"Nilifumba macho, sikufumba masikio. Nilisikia mtu akipita. Nikasikia ufunguo ukiingia kitasani mara moja tu, bila kubahatisha. Nikajua ni mtu wa ofisi. Baada ya muda akatoka, akaenda zake kwa mlango wa nyuma."

"Ulimwambia Sajini maneno haya?"

"Nilimwambia. Akanionyesha picha, akasema, mzee, korido yenyewe hii hapa, umo peke yako. Sasa mimi mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili nitabishana na picha?" Akapapasa ukingo wa benchi alilokalia. "Nilikuwa kwenye foleni ya upasuaji, mwanangu. Siku waliyonikamata wakanitoa. Nikiingia rumande nikakaa huko, nitatoka kipofu. Hilo ndilo linaloniuma, lingine lolote nitalivumilia."

Inspekta alipopanda ngazi alimkuta binti wa Mzee kwenye benchi la mapokezi, ameshika bahasha ya nguo za baba yake. Yule binti hakumwomba kitu. Alimtazama tu, na Inspekta akaona heri angeombwa.

Ofisini kwa Inspekta, Sajini alizitandaza picha mezani kwa mbwembwe za bwana harusi. Na kweli zilikuwa picha nzuri. Korido ile huwa gizagiza, maana mapazia yake hufungwa kwa ajili ya wagonjwa waliotiwa dawa, na kamera yake ya ulinzi ni ya siku nyingi. Hata hivyo hapakuwa na chenga hata moja. Kila dakika ilikuwa na picha yake, na katika kila picha Mzee alikuwa kitini, mlango wa stoo umefungwa, na korido imenyooka tupu mpaka mwisho.

"Unaona, afande? Aliyekuwepo ni mmoja. Hata inzi hakupita."

Inspekta alizipitia moja baada ya nyingine. Alitazama mlango, akatazama kiti, na alipokosa la kuuliza akatazama dari.

"Siku hiyo umeme ulikuwepo?"

"Ulikuwepo. Usingekuwepo kamera ingerekodi nini?"

"Na feni ilikuwa inazunguka?"

"Kwa joto lile, afande? Lazima."

"Mbona haina mapanga?"

Sajini aliinama. Kutoka darini kilishuka chuma cha kuning'inizia feni, mwishoni mwake kukawa na kitovu chake cha mviringo, na baada ya hapo hapakuwa na kitu. Akachukua picha ya pili, akachukua ya tatu. Feni ilikuwa imenyolewa katika picha zote.

"Ni ile kasi," akasema. "Kitu kikizunguka sana hakionekani."

"Kikizunguka sana huwa ukungu. Mimi hapa naona dari safi, mpaka ufa wake unaonekana." Kidole cha Inspekta kikashuka kwenye kona ya chini, kamera inakoandika saa. "Na hapa nasoma saa, nasoma dakika. Sekunde ziko wapi?"

Mahali pa sekunde palikuwa na doa la kijivu, kama mtu amefuta ubao kwa kiganja.

"Nani alizipiga msasa picha hizi, Sajini?"

"Profesa."

Profesa hakuwa profesa wa chuo chochote. Alikuwa mtaalamu wa picha wa kituo, kijana mwenye shahada yake na chumba chake cha baridi ghorofani, ambamo hakuna aliyeruhusiwa kuingia na kikombe cha chai. Alipoulizwa alivyozisafisha, uso ulimng'aa. Si kila siku mtu alipanda ngazi kuja kumuuliza kazi yake.

"Picha ni nukta, afande. Kila nukta ni namba. Sifuri ni giza totoro, mia mbili hamsini na tano ni nyeupe pe. Pakiwa na mwanga mdogo, namba zinarukaruka bila sababu, na huko kurukaruka ndiko mnakokuita chenga. Sasa mimi naziambia picha zote za dakika nzima zijipange. Kila nukta nazipanga namba zake toka ndogo hadi kubwa, nachukua ile ya katikati. Zilizoruka juu naziacha, zilizoruka chini naziacha. Kinachobaki ni ukweli."

"Ya katikati."

"Ya katikati, afande. Ni njia safi kabisa, inafundishwa mwaka wa kwanza."

"Panga la feni likipita juu ya nukta moja, linakaa hapo kwa muda gani?"

"Kufumba na kufumbua."

"Na wakati uliobaki nukta hiyo inaonyesha nini?"

"Dari. Kwa hiyo namba ya katikati ni ya dari, na ile ya panga inaachwa pamoja na..."

"Malizia."

"Pamoja na chenga."

"Na mtu akipita koridoni bila kusimama? Na mlango ukifunguliwa ukafungwa hapo hapo?"

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Wanaachwa," akasema, na ile sauti ya mwaka wa kwanza haikuwepo tena. "Afande, sikuitazama ile rekodi mbichi. Niliiachia programu ifanye kazi, nikatoa picha, nikampa Sajini. Aliniambia anataka safi."

"Mimi sijaelewa," alisema Sajini.

"Umeonyeshwa korido iliyokwishafagiliwa," Inspekta akamjibu. "Kila kilichotikisika kilitoka na taka. Mzee amebaki kwa sababu ndiye peke yake aliyetulia. Tumemkamata mtu kwa kosa la kukaa vizuri kitini."

Hasira ilimpanda na furaha ikaifuata nyuma, zote mbili kifuani mwake kwa wakati mmoja, na furaha ilikuwa na nguvu zaidi. Picha ilikuwa na kasoro. Alichokuwa nacho sasa ni jambo la kuuliza.

"Ile mbichi ipo?"

"Ipo. Ya kwanza haiguswi kamwe, nafanyia kazi nakala. Hilo angalau nalijua."

Akaifungua. Kioo cha kompyuta kilijaa chenga kikawa kinachemka. Ungeweza kukisia kiti, ukakisia mlango. Walipofika mchana wa siku ile, kitu kizito kidogo kuliko chenga kilikuja kutoka mwisho wa korido, kikapita, kikayeyuka.

"Naona moshi," Sajini akasema.

"Moshi hauna ufunguo," Inspekta akasema, kisha akavuta kiti akakaa karibu na Profesa. "Una picha mbichi, ina kila kitu. Una picha safi, ina kilichotulia peke yake. Ukitoa hii kwenye ile, namba kwa namba, kinabaki nini?"

Profesa alivuta kibodi. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza.

Kioo kikawa cheusi. Ukuta ulikuwa umetoweka, dari imetoweka, na Mzee ametoweka pamoja na kiti chake, maana vyote hivyo vilikuwa sawasawa katika picha zote mbili na vimefutana. Juu kabisa lilining'inia duara moja linalometameta, mapanga ya feni yamerudi kwa mwenyewe. Na chini yake, katika giza hilo, mtu mzima mwenye kichwa, mabega na miguu miwili alikuwa anatembea kuja upande wao.

Inspekta alipiga meza kwa kiganja. Kikombe cha kalamu kikaanguka, hakuna aliyekiokota.

"Ana kitu cheupe usoni," Sajini alisema polepole. Alikuwa amesogea hadi akawapumulia mabegani.

"Bado ana vidoadoa," Profesa akasema. "Nipeni nafasi. Kwanza mwanga. Namba zake zote zimebanana upande wa giza, nazitandaza zienee toka sifuri hadi mwisho." Yule mtu akapambazuka kidogo. "Halafu hizi chenga. Kosa langu lilikuwa kuusimamisha ukuta. Sasa namsimamisha yeye. Kila picha naisogeza mpaka masikio yake na kola yake vikae mahali pamoja, zile za mbali nazikuza zilingane na za karibu, kisha nazijumlisha zote na kugawanya. Chenga haziangukii mahali pamoja mara mbili, zitajifuta zenyewe. Uso utabaki."

Ndivyo ilivyokuwa. Safari hii kuta ndizo zilizoburuzika zikawa ukungu, na katikati ya ukungu huo sura ya mtu ikaanza kukusanyika, kwanza paji, halafu pua, halafu jicho. Jicho moja. Upande wake wa kushoto ulifunikwa na bendeji kubwa toka kwenye nyusi hadi shavuni.

"Mgonjwa," alisema Sajini, na alishashika simu. Akaongea na hospitali, akaandika kitu kiganjani, akarudi anahema. "Wiki ile aliyefanyiwa jicho la kushoto ni mmoja tu, seremala. Anakaa si mbali. Nipe gari, afande, namleta sasa hivi."

"Ufunguo kapata wapi?"

"Kwa mzee. Wamepanga pamoja."

Inspekta alimtazama Sajini. Alimpenda, alikuwa mchapakazi, lakini likishamwingia kichwani halitoki hata kwa nyundo. "Huyu mtu ameingia. Hajatoka bado. Ngoja tumwone akitoka, ndipo twende kumsumbua seremala wa watu."

Kamera ilikuwa mwisho wa pili wa korido, juu ya mlango wa nyuma, kwa hiyo aliyetoka stoo akaenda mlango huo alikuja uso kwa uso nayo mara ya pili. Profesa akarudia kazi yote toka mwanzo. Kola ileile ikajitokeza, mwendo uleule, na boksi limekumbatiwa kifuani. Kisha uso ukajikusanya.

Bendeji ilikuwa upande wa kulia.

"Umeigeuza," alisema Sajini. "Kama kwenye kioo."

"Sijageuza kitu." Profesa akaileta ile mbichi pembeni. Saa ya kamera ilisomeka vizuri, na kiti cha Mzee kilikuwa upande wake uleule. "Amepona kushoto akaugua kulia, humo humo stoo. Hospitali nzuri hii."

Inspekta alicheka, jambo lililomshangaza hata yeye. "Aliivua apate kuona vizuri rafu, akaivaa tena haraka haraka. Mgonjwa wa kweli hasahau panapomuuma. Huyu anazishika bendeji kila siku na hajawahi kuivaa hata moja." Kisha kicheko kikakatika. Akasimama. "Profesa. Alipoingia, tumeona nusu gani ya uso wake?"

"Ya kulia."

"Alipotoka?"

"Ya kush..." Profesa alimgeukia mdomo wazi, halafu akakirudia kibodi kama mtu aliyeitiwa chakula. Akakata picha ya kwanza katikati ya pua. Akakata ya pili. Akasogeza nusu hizi mbili, akainua moja kidogo, akapunguza mwanga wa nyingine hadi paji likakutana na paji na mdomo ukakutana na mdomo.

Mtu mzima aliwatazama kutoka kwenye kioo, macho yote mawili wazi.

Sajini ndiye wa kwanza kumtambua, na alistahili. Mtu huyo alikuwa amekaa ofisini kwa Sajini, chini, wakati huohuo, akingoja kwenda mahakamani kutoa ushahidi, na alikuwa anakunywa chai ambayo Sajini alimnunulia kwa pesa yake mwenyewe.

Mtunza stoo alisimama kwa adabu walipoingia. Inspekta alimwashiria akae.

"Siku ile mchana ulikuwa wapi?"

"Jengo la pili, afande. Nimeandika."

"Koridoni hukupita?"

"Hata mara moja."

Akamwekea picha ya kwanza mezani. "Unamjua huyu?"

"Mgonjwa. Wako wengi wa namna hiyo kwetu."

Akamwekea ya pili. "Na huyu?"

"Si ndiye huyohuyo?"

"Ndiye. Tazama bendeji."

Mtunza stoo alitazama. Alitazama tena, na mkono wake ukapanda wenyewe ukagusa shavu, kabla hajaurudisha chini. Ndipo Inspekta alipoigeuza picha ya tatu.

Kisha yule bwana akajaribu kutabasamu. "Hizi ni za kompyuta, afande. Siku hizi wanatengeneza hata simba akicheza mpira."

"Wanatengeneza. Ndiyo maana sisi hatukuchora hata nukta moja. Tumetoa, tumetandaza, tumesogeza, tumejumlisha, na kila hatua imeandikwa. Ile mbichi ipo, haijaguswa. Wakili wako atafute mtaalamu wake arudie mwenyewe toka mwanzo. Atakutana na wewe." Akavuta kiti. "Sasa nina swali dogo. Nani alimwambia Mzee akatiwe dawa ya macho asubuhi ile?"

Sajini alinyoosha mkono, akakivuta kikombe cha chai kikawa upande wake.

"Iko kwa shemeji yangu," mtunza stoo alisema hatimaye, akiongea na meza. "Anafungua kliniki yake. Hata kwenye boksi haijatoka."

Askari waliotumwa kwa shemeji walipiga simu huku gari la mahakamani likiwa bado linanguruma uani. Kamera ilikuwa kwenye boksi lake, kama alivyosema. Inspekta alipiga simu yake mwenyewe, kwa daktari mkuu wa hospitali ya macho, na hakuwa mpole. Alipomaliza, Mzee alikuwa amerudishwa kwenye foleni ya upasuaji, na amewekwa mbele ya wote, kamera ikifika tu. Mama Kwanini alikaa kitini, akanyoosha miguu chini ya meza, akajisikia mkubwa. Kazi hii haikupi siku kama hizo nyingi, akaamua kuifaidi.

Sajini alishuka mahabusu na ufunguo. Kwa kuwa aibu ilikuwa imemkaba, alimshika Mzee kiwiko akataka kumpitisha mlango wa nyuma, haraka, wamalize.

Mzee akasimama. "Mwanangu, siku ile uliniingiza wapi?"

"Mapokezi, mzee."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Ukisema nini?"

"Nikisema nimemkamata mwizi."

"Basi twende hukohuko."

Mapokezi palikuwa pamejaa, kama kawaida ya saa hizo, watu wamekaa kwenye mabenchi na wengine foleni imefika nje. Binti yake aliinuka, bahasha ikamponyoka. Sajini alivua kofia, akaangalia sakafu, akasema kwa sauti ya kuombea dua kwamba mzee huyu hana kosa lolote.

"Hatujasikia," alisema binti wa Mzee.

Inspekta alikuwa juu ya ngazi, ameegemea ukuta, Profesa pembeni yake. Hakumsaidia. Sajini aliinua kichwa, akavuta pumzi, na kumpa haki yake, lazima isemwe kwamba alipoamua aliamua.

"Mzee huyu si mwizi," alisema, hadi walioko foleni ya nje wakageuka. "Mwizi tumempata, ni mwingine. Mzee alisema kweli toka siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekosea."

Mzee alitikisa kichwa kwamba sasa imetosha, akamshika binti yake mkono, na watu wakasogea kuwapisha mlangoni.